Mtoto wa miezi minne hana njaa, anakua

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wengi wetu tunaofanya kazi za ofisini Dar es Salaam tunaunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka, ambazo tunazitunza tangu ujauzito. Jumla ni siku 112, yaani wiki 16. Ndiyo maana kwa mama wa aina yangu, siku ya kurudi kazini na miezi minne ya mtoto huja kwa pamoja. Mtoto anabadilika kwa kasi, mama anapiga pasi nguo ambazo hajazivaa muda mrefu, na nyumba nzima ina swali moja: huyu atabaki anakula nini?

Kwetu jibu lilikuwa tayari kabla sijauliza. Uji. Mama mkwe wangu alitoka Moshi kuja kunitunza nikiwa mzazi, akaja na ndizi za mtori kwa ajili yangu na unga wa ulezi aliouweka kando kwa ajili ya mjukuu. Binti yangu alipokaribia miezi minne, mama alikuwa ameshaziona dalili zote. Mtoto anaamka usiku. Anatia mikono yote miwili mdomoni, udenda unamlowesha mpaka kifuani. Ananyonya kidogo anaachia ziwa, anageuka kutazama huku na huku. Tukikaa kula, macho yake yanafuata kijiko kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. "Mwanangu," akaniambia, "maziwa hayamtoshi huyu. Usione aibu, hutokea." Nikampigia simu mama yangu mzazi, yuko Tanga, naye akasema hivyo hivyo. Jirani yetu wa ukuta mmoja alishasema wiki mbili kabla yao.

Naandika kwa ajili ya mama mwingine aliyekaa katikati ya maneno kama hayo, na watu wanaoyasema anawapenda. Dalili walizoziona ni za kweli kabisa. Kila mtu mwenye macho ataziona kwa mtoto wa umri huu. Lakini tafsiri yake si njaa. Nilijifunza hivyo kliniki, na nilijifunza zaidi kwa kukaa na mtoto mwenyewe nikimtazama bila haraka.

Nianze na usiku, kwa kuwa ndio uliotuchosha zaidi. Binti yangu alikuwa ameanza kulala kipande kirefu cha usiku bila kuamka, mimi na baba yake tukashukuru Mungu. Ghafla akabadilika. Anaamka mara kwa mara, analia, anatafuta ziwa, ananyonya kidogo kisha analala tena. Muuguzi wa kliniki alinieleza kitu ambacho natamani kila mzazi aambiwe mapema. Usingizi wa mtoto mchanga ni wa namna mbili tu, wa kutulia na wa kuhangaikahangaika. Kuanzia kama miezi mitatu hadi minne, ubongo wake unaanza kupanga usingizi kwa mizunguko, mwepesi kisha mzito kisha mwepesi tena, kama wa mtu mzima. Kila mzunguko ukiisha, mtoto anafika ukingoni mwa kuamka. Sisi wakubwa tunageuza ubavu tunaendelea kulala, hata asubuhi hatukumbuki. Yeye hajajua kurudi usingizini peke yake, kwa hiyo anakiita kile alicholalia, na mara nyingi ni ziwa.

Tuliyoyafanya nyumbani ni ya kawaida. Saa moja usiku anaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni lake, anapakwa mafuta ya nazi ambayo mama yangu aliyatuma kutoka Tanga, anavikwa fulana nyepesi ya pamba, ananyonya, taa inazimwa, anaimbiwa wimbo ule ule. Kila siku mpangilio ule ule, hata tukiwa na wageni. Nilianza pia kumlaza akiwa amesinzia lakini hajazama kabisa, ili akiibuka usiku ajikute pale pale alipofumbia macho. Haikuchukua usiku mmoja. Kulikuwa na siku nililia naye. Lakini hali ilitulia ndani ya majuma kadhaa, na haikuhitaji kijiko hata kimoja cha uji. Mtoto wa kuanzia miezi minne anahitaji kati ya saa 12 na 16 za usingizi kwa siku nzima, ukihesabu na ule wa mchana, na nimegundua kwamba mchana akikosa usingizi, usiku ndio anasumbua zaidi. Watu hudhani ukimnyima usingizi wa mchana atachoka alale vizuri. Kwa wangu ilikuwa kinyume.

Joto nalo lina sehemu yake. Februari na Machi Dar hapalaliki hata kwa mtu mzima. Mtoto akitokwa na vipele vya joto shingoni na kwenye mikunjo anawashwa, anaamka. Kumfunika blanketi kwa kuwa ni mtoto ni mazoea ya nyanda za baridi, na mama mkwe aliyazoea kwao mlimani. Nilimwomba aguse shingo ya mtoto kwa nyuma badala ya mikono na miguu, kwa sababu viganja vya mtoto huwa na ubaridi hata akiwa na joto. Aligusa, akaliondoa blanketi mwenyewe. Kitu ambacho hatukukiacha hata siku moja ni chandarua chenye dawa, hasa masika yalipoanza.

Na ziwa kuachiwa? Mtoto wa miezi miwili anaona vizuri kilicho karibu na uso wake. Wa miezi minne anaona mbali zaidi, na dunia imemfungukia. Mlango ukilia anaachia ziwa ageuke. Baba yake akikohoa sebuleni anaachia ziwa acheke. Nikahamia chumbani kumnyonyesha, pazia limeshushwa, simu nimeiacha nje, akanyonya vizuri. Jambo lingine lililonitia hofu mpaka nilipoelezwa ni matiti yangu kuwa laini. Miezi ya mwanzo yalikuwa yanajaa mpaka yanauma, maziwa yanachuruzika hadi kwenye blauzi. Sasa yamelegea, hayavuji. Mama wengi hapo ndipo tunaposema maziwa yamekauka. Ukweli ni kwamba mwili umeshajua kiasi anachohitaji mtoto, unatengeneza kadiri anavyonyonya. Titi laini si titi tupu.

Niliposhika kadi ya kliniki nikaona uzito hauongezeki kama mwanzo, nikaogopa tena. Muuguzi akaiweka kadi mezani, akafuatisha mstari kwa kidole. Miezi mitatu ya kwanza mtoto anaongezeka kwa kasi sana, kisha mwendo unapungua, na mistari iliyochapwa kwenye kadi yenyewe inalala kidogo kuanzia hapo kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wengi uzito wao huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa wanapokaribia miezi minne au mitano. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa miezi minne aliye katikati ana kilo 6.4, wa kiume kilo 7.0, na wapo wazima kabisa walio chini na juu ya hapo. Kinachotazamwa ni kama mstari wake mwenyewe unapanda. Wangu ulikuwa unapanda. Akaniuliza pia nepi. Mtoto anayenyonya maziwa tu akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo ukawa mweupe usio na harufu kali, maziwa yanamfika. Hapo kwenye nepi nina neno kwa wenzangu: pampasi hunyonya mkojo mwingi mpaka unashindwa kuhesabu. Mimi nilirudi kwenye nepi za kitambaa kwa siku chache, kusudi nijionee.

Sasa niseme habari ya mama mkwe wangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Ningeweza kubishana naye. Marafiki zangu kadhaa walibishana na mama wakwe zao, wengine wakanyamaza mezani kisha wakakuta mtoto ameshaonjeshwa uji wao wakiwa bafuni. Mimi nilimwomba anisindikize kliniki siku ya kupima uzito. Tulikaa kwenye benchi na akina mama wengine, zamu yetu ikafika. Muuguzi, mama wa makamo, akamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Hakuanza kumwelekeza. Akamuuliza amelea watoto wangapi, na uji aliwaanzishia lini. Mama akajibu kwa kujiamini kabisa: miezi minne, na aliambiwa hivyo kliniki, na manesi wenyewe, wakati huo wa kulea baba wa huyu mtoto.

Muuguzi akatikisa kichwa kukubali. "Ulifanya sawasawa, bibi. Wakati ule ndivyo tulivyokuwa tukifundisha." Akaeleza kwamba zamani ushauri wa dunia nzima ulikuwa kumwanzishia mtoto chakula kati ya miezi minne na sita. Baada ya wataalamu kupitia tafiti nyingi, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2001 ukabadilisha: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie. Mume wangu alizaliwa miaka mingi kabla ya 2001.

Nilimtazama mama usoni wakati anasikia maneno yale. Kwa wiki nzima mimi na dada zangu kwenye simu tulikuwa tukisema "wazee na mambo yao ya zamani," kumbe mwanamke huyu alikuwa anatii kwa uaminifu somo alilopewa na hospitali akiwa mama kijana kama mimi. Hakuna aliyekuwa amemrudia kumwambia somo limebadilika. Ni vijana wangapi wanagombana na mama zao kwa jambo hili bila kujua hivyo? Natamani kila kliniki iwe na nafasi ya kuongea na bibi, kwa sababu mama akirudi kazini, bibi ndiye anayeshika kijiko.

Mama mkwe akauliza maswali yake, mazuri kuliko yangu. Kwa nini uji mwepesi umdhuru mtoto, na ulezi ni chakula chema? Akajibiwa kwamba tumbo la mtoto huyu ni dogo. Uji mwepesi sehemu kubwa ni maji, ukilijaza tumbo unachukua nafasi ya maziwa yenye mafuta, protini na kinga, na mtoto akinyonya kidogo matiti nayo yanatengeneza kidogo. Kisha kuna kikombe, kijiko, maji, mikono ya mpikaji, na kila kimoja ni mlango wa kuhara. Na maji je, na joto hili la Dar? Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji. Siku za joto mtoto ananyonya mara nyingi zaidi, basi. Na kukodolea macho kijiko? Mtoto wa umri huu anakodolea macho kila kitu kinachosogea, simu, funguo, feni. Kwa chakula, subiri miezi sita, akiwa anakaa kwa kuegemezwa, shingo imekaza, na ulimi hausukumi tena kijiko nje.

Tuliporudi nyumbani unga wa ulezi ulihamishiwa kabati la juu, na aliyeuhamisha ni yeye. Jirani alipokuja jioni na rai yake, mama ndiye aliyemjibu.

Mkono mdomoni na udenda vilikuwa na tafsiri nyingine tena, ya meno. Meno ya kwanza kwa kawaida hutoka karibu na miezi sita, ingawa wapo wanaowahi na wanaochelewa. Katika miezi minne mtoto anaugundua mkono wake. Binti yangu alikuwa anauinua mbele ya uso, anaugeuza, anautazama kwa muda mrefu kama fundi anayekagua kazi yake, kisha unaishia mdomoni. Mdomo ndio anaoujua vizuri kuliko kiungo kingine, anajifunza kila kitu kwa huo. Mate yanaongezeka naye hajajua kuyameza yote. Basi kazi yetu ikawa kuosha mikono yake mara kwa mara, kumfunga kitambaa kifuani na kumkausha kidevu asichubuke.

Lakini kwenye meno kuna hatari ambayo lazima niitaje waziwazi. Mtoto akihara au akipata homa katika umri huu, mtaani utasikia "ana meno ya plastiki," wengine huita meno ya nailoni. Niliambiwa hivyo na mtu mwema kabisa, akanielekeza na anayeyatoa. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya chonge, vyeupe, vinavyoonekana kwa juu kwenye ufizi wa kila mtoto. Wanaoyatoa huchimba ufizi wa mtoto mchanga kwa kifaa ambacho huenda hakijachemshwa. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizi na pepopunda, wengine wamepoteza na meno ya ukubwani, na wapo waliokufa. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe, ambao unaweza kuwa malaria au nimonia, unaendelea bila dawa. Ndivyo ilivyo na kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa. Mtoto wa miezi minne mwenye homa anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe. Anayehara anaendelea kunyonyeshwa, mara nyingi kuliko kawaida, na anapelekwa apewe ORS na zinki. Hakuna jino la kung'olewa.

Na wanja. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, mke mwenzake kwa utani, alitaka kumchora nyusi na kumtia machoni, kama nilivyochorwa mimi. Nilimwambia kwa upole kwamba baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi, na mtoto anajifuta macho kisha analamba mkono. Hakufurahi. Tulikubaliana kwenye kanga mpya, mafuta ya nazi na kumnyoosha viungo, na hayo mtoto aliyapenda kwa dhati.

Kumnyoosha kulikuwa ndio mchezo wetu mkubwa. Baada ya kuoga tunamlaza kwenye mkeka, mama yangu anamkunja goti na kumnyoosha polepole huku anamsemesha, naye anajibu, "aaa, uuu," ananyamaza kungoja aambiwe tena. Mazungumzo hayo ya zamu kwa zamu ni shule yake ya lugha. Mama mkwe anamsemesha Kichagga, mama yangu Kiswahili cha Tanga, sisi cha Dar, na yeye anawajibu wote. Kisha tunamgeuza alale kifudifudi akiwa macho. Mwanzoni alilalamika baada ya muda mfupi tu. Kufika miezi minne alikuwa anajiinua kwa viwiko, kichwa juu, anatutazama. Siku moja akiwa hapo kwenye mkeka mkono ulimteleza, akabiringika akaangukia mgongo, macho yametoka kwa mshangao, kisha akacheka. Kicheko cha sauti kamili, si tabasamu. Baba yake alikuwa anafunga viatu aende kazini. Alichelewa.

Tangu siku ile hatumwachi kitandani peke yake hata kwa muda wa kuchukua kitambaa. Kama unamwacha, mwache chini kwenye mkeka. Tuliondoa mito ya sufi pembeni mwake, tukaacha kumviringisha kanga wakati wa kulala kwa sababu anayeweza kubiringika anahitaji mikono yake huru, na tukaendelea kumlaza chali kwenye kigodoro chake kigumu kando ya kitanda chetu.

Kuhusu kumlinganisha na watoto wa wengine, sina maneno mengi. Mmoja anabiringika miezi minne, mwingine sita, wote wazima. Lakini kuna mambo ambayo miezi minne ikitimia hayafai kusubiriwa: mtoto ambaye shingo bado inaanguka, hafuatishi kitu kwa macho, hatabasamu kwa watu, hashtuki wala kugeukia sauti, hapeleki mikono mdomoni, au viungo vyake vimekakamaa au vimelegea sana. Huyo apelekwe kliniki mapema, bila mtu kusema "atakuja tu." Na kwa kuwa chanjo za wiki ya 14 zikishapita sindano inayofuata ni ya miezi tisa, ya surua na rubela, wengi huacha kwenda kliniki hapo katikati. Mimi nasema ndio wakati wa kutokosa, maana uzito wa mwezi hadi mwezi ndio uliotusaidia kuamua mambo yote haya.

Kliniki hiyohiyo waliniuliza habari za uzazi wa mpango. Kunyonyesha maziwa peke yake, kama hedhi haijarudi na mtoto hajatimiza miezi sita, kunazuia mimba vizuri sana. Lakini mama akirudi kazini, mapengo ya kunyonyesha yanarefuka na kinga hiyo inapungua. Mtaani utaambiwa wazazi wakikutana watambemenda mtoto, na ndoa nyingi zinaingia baridi kwa hofu hiyo. Tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni mimba ya haraka inayomwondoa ziwani, na hiyo ina njia za kuzuiwa.

Maandalizi ya kazi niliyaanza karibu wiki tatu kabla. Nilijifunza kukamua kwa mkono: unaosha mikono, unapashika nyuma ya eneo jeusi la chuchu kwa kidole gumba na vidole vingine, unabonyeza kuelekea kifuani kisha unakamua bila kuburuta ngozi. Siku ya kwanza yalitoka matone ya kufunika tu kitako cha kikombe, na mama mkwe akanitia moyo, "Endelea, hata ng'ombe hujizoesha." Alfajiri ndipo yanapotoka mengi. Nilitumia vikombe vya glasi vyenye vifuniko, vilivyochemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne kwenye joto la nyuzi 25, na Dar ina zaidi ya hapo, kwa hiyo sisi tuliyaweka kwenye jokofu mara moja, ambako yanakaa hadi siku nne. Umeme ukikatika kulikuwa na chupa za maji yaliyogandishwa na boksi la barafu. Kuyapasha, unaweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Hayachemshwi.

Kulisha tulichagua kikombe kidogo, si chupa, kwa kuwa kikombe kinaoshwa kikatakata na hakimchanganyi mtoto na ziwa. Mtoto amekaa mapajani, kikombe kinagusa mdomo wa chini, anayavuta mwenyewe kwa ulimi. Humimini. Nikiwepo alikataa katakata, ananusa ziwa lilipo. Mama akaniambia nitoke. Nilikwenda sokoni, niliporudi kikombe kilikuwa kimeisha na mama amekaa kwenye kiti chake, mtoto amelala begani.

Sheria ileile ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaijui, na mwajiri hatakukumbusha. Nilimwandikia mkuu wangu barua fupi kabla ya kurudi, nikaomba saa moja niitumie kukamua na nyingine niondoke mapema, ili niwahi mwendokasi kabla foleni ya kwenda Kimara haijajaa. Alikubali. Chumba cha kukamulia hakikuwepo; mwenzangu wa masjala akanipa ufunguo wa stoo ya mafaili, nami sitasahau wema huo.

Yupo sasa katika mwezi wa tano. Ananyonya nikifika mlangoni, kabla sijavua viatu, na usiku anadai haki yake yote ya mchana, ambayo nampa. Akitimiza miezi sita tutakwenda kwa matone ya vitamini A, na siku hiyo unga wa ulezi utashuka kutoka kabati la juu. Mama mkwe anasema uji ufuatiwe na mtori uliopondwa vizuri. Mama yangu anataka viazi vitamu na tui jepesi la nazi. Nimewaambia vyote vitafika, kimoja baada ya kingine, siku tatu tatu, tuone anavyovipokea.